Jina Nyuma ya Kiti

Wiki iliyopita niliwaacha wodini, daktari amesaini karatasi ya kumruhusu mke wangu arudi nyumbani, na mimi narukaruka kama mwanafunzi aliyefaulu darasa la saba. Laiti ningejua! Furaha ile haikumaliza siku mbili.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Gervas, fundi baiskeli wa Kibaoni. Mke wangu Hilaria ni mkulima wa mpunga kwao Mamba. Mwezi wa tatu pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, ilimpindukia shambani, ikamvunja mgongo, na tangu hapo miguu yake haimsikii. Miezi saba tulikaa Dar es Salaam kwa matibabu.

Tukiwa huko, shemeji yangu Damiano, mdogo wake Hilaria wa tumbo moja, akapeleka maneno kwenye ukoo. Alisema dada yake halimi tena, kwa hiyo majaruba ya mpunga aliyoachiwa na marehemu baba yao apewe yeye. Wazee wakaamua hivi: Jumamosi ya kikao, Hilaria aje mwenyewe aseme kwa mdomo wake kama atalima au halimi. Asipofika, majaruba ni ya Damiano.

Hilaria alipopata taarifa hiyo alisema neno moja tu, na nililisikia vizuri.

"Nitafika. Na nitaingia pale uani kwa mikono yangu, nasukuma magurudumu yangu mwenyewe. Mtu asinibebe. Nikibebwa wataona mgonjwa, hawataona mkulima."

Daktari alikataza basi. Safari ya siku nzima na usiku kucha ingemletea vidonda vya kukaa. Wanakwaya wenzake wa kule tulikokuwa tunasali wakatukatia tiketi za ndege, Dar hadi Mpanda, siku ya Jumatano. Ndege nyingine ilikuwa Ijumaa.

Sasa naungama. Nilifanya makosa mawili kabla hata ya kuiona hiyo ndege, na yote niliyafanya kwa akili yangu timamu.

La kwanza ni la ufundi. Hospitali walimpa Hilaria kiti cha magurudumu kizuri, chepesi, kinajikunja kama kitabu. Nikakitazama, nikacheka. Kile kiti kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu. Mamba hakuna sakafu, kuna mchanga na matuta ya majaruba. Nikatafuta matairi mapana ya baiskeli, nikaongeza ekseli, nikafunga chuma mbili za kuzuia fremu isiyumbe. Nilipomaliza, kiti kingeweza kupita hata kwenye tope. Ila kilikuwa hakijikunji tena.

La pili nalihifadhi kidogo. Mtaliona mbele, maana ndilo lililoniua.

*

Uwanjani Dar tulifika mapema. Dada wa kaunta alikuwa na tabasamu la kazi. Akamtazama Hilaria, kisha akaniuliza mimi.

"Baba, mama anaweza kutembea hatua chache?"

"Muulize mwenyewe, yupo hapo."

"Sawa baba. Na leo mama anajisikiaje?"

Hilaria akadakia, "Mama anajisikia kuulizwa yeye."

Yule dada akacheka kidogo, akaandika kitu, akanigeukia tena. "Baba, mama ana kilo ngapi?"

Nikahisi shingo inapata moto. Hilaria akanishika mkono. Miezi saba hospitali ilikuwa imemfundisha subira. Mimi somo hilo nilifeli.

Tulipofika kwenye mashine ya ukaguzi, begi langu la mkononi likapita mara ya kwanza, likarudishwa, likapita tena. Askari akalifungua. Akatoa pampu, akatoa koleo, akatoa spana yangu namba kumi na tano.

"Hii nini?"

"Spana."

"Naona ni spana. Unaenda nayo wapi?"

"Ni ya kiti cha mke wangu. Kikilegea nakikaza."

"Haiingii na wewe ndani. Ungeiweka kwenye begi kubwa."

"Begi kubwa si limeshaondoka?"

"Basi na hii imeshabaki."

Akaitupa kwenye boksi lenye mikasi na vikata kucha vya watu. Spana ile nilikaa nayo miaka kumi na moja. Imefungua baiskeli za mapadri, za wachunga ng'ombe, za walimu. Ikaishia kulala na vikata kucha.

"Achana nayo, Baba Martin," Hilaria akaniambia. "Ya nini kwenye ndege?"

Nikaachana nayo. Ningejua, ningelala chini pale pale nigalegale mpaka wanirudishie.

*

Walimpandisha Hilaria kwenye ndege kwa kile kiti chembamba cha kupitia katikati ya safu. Alikubali. Alisema hawa hawamjui na yeye hawajui, wambebe tu. Mimi nikabaki chini kuona kiti chetu kinapakiwa.

Ilikuwa ndege ya mapangaboi, na mlango wake wa mizigo mdogo. Vijana wawili wa mizigo wakakiinua kiti, wakakisukuma. Kikagoma. Wakakilaza. Kikagoma. Wakakigeuza miguu juu. Kikagoma.

"Mzee, kikunje," mmoja akasema.

"Hakijikunji."

"Viti vyote hivi vinajikunja."

"Hiki nimekirekebisha."

"Ukakirekebisha kisijikunje?"

Mwenzake, mwenye akili zaidi, akainama akatazama magurudumu. "Ukitoa tairi mbili za nyuma kinaingia. Nati hizi hapa. Una spana?"

Jamani, nilitaka kulia. "Spana wamechukua wenzenu huko ndani!"

"Kawaombe."

"Wewe nenda, una kitambulisho. Mimi wataniruhusu?"

Akakimbia. Akarudi mikono mitupu. "Wamesema kilichoingia kwenye boksi hakitoki."

Kulikuwa na fundi wa ndege anazunguka pale na sanduku lake la vifaa. Nikamvaa. Alikuwa muungwana, akachuchumaa, akajaribu spana zake tatu. Moja kubwa mno, moja ndogo, ya tatu ikazunguka patupu.

"Zangu ni za inchi, fundi mwenzangu. Nati zako ni za milimita."

Ndege nzima, watu sitini na zaidi wanaruka nayo angani, na hapakuwa na spana namba kumi na tano.

Kaka mmoja wa shirika akaja na redio mkononi, anatazama saa. Shirika lenyewe silitaji, sitaki kesi.

"Baba, kiti kitakuja na ndege ya Ijumaa. Tutakuwa tumepata spana."

"Ijumaa? Bila kiti mke wangu atatembeaje?"

"Sasa unapanda au unabaki nacho?"

Mke yuko juu, kiti kiko chini, mimi niko katikati. Nikapanda.

"Wamekipakia?" Hilaria akaniuliza nilipokaa.

"Wanahangaika nacho."

Ndege ikaanza kusogea. Hilaria alikuwa dirishani. Akatazama nje, kisha akasema polepole, "Baba Martin, kile si kiti changu?"

Nikachungulia. Kilikuwa kimesimama peke yake juani, na kile kitenge chake cha njano alichokifunga mgongoni pa kiti kinapeperushwa na upepo wa mapangaboi. Kadiri tulivyokwenda kikawa kidogo, kidogo, mpaka hakionekani.

Hakulia. Aligeuza uso akafumba macho mpaka tunatua.

*

Sasa niseme kosa la pili.

Huku kwetu ukituma mzigo kwa basi, huandiki jina lako. Unaandika jina la anayekwenda kuupokea, na namba yake ya simu, kwa kalamu nene, herufi kubwa. Boksi likifika, kondakta anapiga namba hiyo, mwenye jina anakuja anachukua. Mimi ndege nilikuwa sijawahi kupanda. Nilijua basi.

Na nilikuwa nimemwambia mtu aje kutupokea.

Hilaria alinikataza. Aliniambia kwa kuapa, "Damiano asijue nasafiri lini. Akijua, atatafuta la kufanya." Nikaitikia. Kisha nikawaza: Mpanda hadi Mamba ni mbali, inabidi kukatiza hifadhi, na Damiano ana gari, Noah. Shemeji ni shemeji, atamwachaje dada yake njiani? Nikampigia kwa siri. Akanijibu vizuri mno.

"Shem, usiwe na wasiwasi. Jumatano nipo hapo uwanjani kabla yenu."

Asubuhi ya safari, Hilaria akiwa anavalishwa na mwenyeji wetu, nikachukua kalamu nene. Nikafunua kitenge cha mgongo wa kiti, nikaandika nyuma: DAMIANO, MAMBA. Chini yake namba yake ya simu. Nikafunika. Hilaria hukaa mbele ya mgongo ule, hauoni kamwe.

Nilijiona nina akili kweli.

*

Mpanda tulitua saa nane mchana. Abiria wote wakashuka. Tukabaki sisi.

Akapanda dada mmoja wakala wa shirika, anaitwa Faith, mpole, amebeba daftari. "Poleni na safari. Kiti chembamba cha kushushia chetu kimevunjika gurudumu, tumeagiza kingine."

"Limevunjika lini?" nikauliza.

"Mwezi wa sita."

"Nipe nikitengeneze!"

"Baba Martin," Hilaria akasema, "kitengeneze na nini?"

Nikakumbuka. Nikachuchumaa, akanishika shingo, nikamshusha mgongoni ngazi baada ya ngazi. Chini walikuwapo wenyeji wa abiria wengine, wanatazama. Mama mmoja akasema, "Masikini, kadada kazuri." Nikasikia mikono ya Hilaria inakaza shingoni mwangu.

"Hao hawatoki Mamba," akaninong'oneza. "Sijali."

Lakini alijali. Nilihisi moyo wake unavyopiga mgongoni kwangu.

Walimletea kiti cha plastiki. Faith akajaza fomu ya mzigo uliochelewa. Mimi macho yalikuwa kwenye maegesho, naitafuta Noah. Haikuwepo. Nikajifanya naenda msalani, nikapiga simu. Haipatikani. Nikarudi.

"Unamtafuta nani?" Hilaria akauliza.

"Bajaji."

Tukakaa Mpanda kwa Mariana, rafiki yake wa tangu shule. Siku mbili Hilaria akashinda kitandani au kwenye kiti cha plastiki, akitaka kwenda chooni mpaka aite mtu. Ijumaa asubuhi akasema, "Kikija leo, kesho saa nne nipo kwenye kikao. Mungu ni mwema."

Ijumaa ndege ilitua. Tulifika uwanjani tumechelewa saa moja, kwa sababu bajaji iliyotubeba ilipata pancha na dereva hakuwa na gundi. Nyie, mimi ndiye fundi, nimeketi mle ndani sina hata kiraka! Hilaria akabaki kwenye bajaji, nikaingia kwa Faith peke yangu.

"Kiti kimefika?"

"Kimefika salama, kaka. Kimeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Lebo yetu ilikatika njiani. Tukaona nyuma kumeandikwa jina na namba, tukapiga. Akaja huyo Damiano mwenyewe, kumbe alikuwa hapa hapa mjini, kitambulisho kinafanana na jina. Amesaini hapa."

Nikaitazama sahihi. Nikaona aibu, nikaona hasira, nikaona aibu tena.

"Lakini fomu ina jina la mke wangu!"

"Ndiyo, na yeye kasema ni dada yake. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Nikatoka nje, nikampigia shemeji. Safari hii akapokea kwa furaha.

"Shem! Kiti nimekichukua, nimewapunguzia usumbufu. Mtakikuta nyumbani."

"Sisi tupo hapa Mpanda. Si ungetupitia?"

"Gari limejaa saruji, shem, nimeshapita Sitalike. Kesho tafuteni usafiri mwingine. Msalimie dada."

Nikarudi kwenye bajaji nimejikaza kutabasamu. Nikamweleza Hilaria kwamba Damiano amekipeleka kiti nyumbani, kwamba kumbe ana roho nzuri.

Hakutabasamu. "Damiano amejuaje nasafiri Jumatano?"

"Mpanda mji mdogo, Mama Martin. Watu wameniona nakushusha."

Akanitazama kidogo, kisha akatazama mbele.

*

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi na gari la Ezekia, jamaa anayepeleka bidhaa Kibaoni. Hilaria akakaa mbele. Ndani ya hifadhi tukafunga vioo kwa ajili ya mbung'o, joto likatupika. Ezekia aliua wawili kwa kofia, wa tatu akaniuma sikioni. Nikaona ni halali yangu.

Tulipolipita geti la pili la hifadhi, Hilaria akauliza tena bila kugeuka.

"Gervas. Damiano alijuaje?"

Akiniita Gervas ujue kuna jambo.

"Labda wanakwaya walituma picha kwenye grupu."

"Labda," akasema.

Ningesema pale pale! Gari zima lina watu watatu, hakuna ukoo, hakuna mashahidi. Ningelia, angenitukana, tungefika tumeshamalizana. Nikaufyata. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa naiona mwisho wake kabisa.

Uani kwao Mamba tulifika saa nne na nusu. Kikao kilishaanza. Watu kama arobaini, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Na katikati yao, kivulini pa nyumba kubwa, nikakiona kiti chetu. Matairi yangu mapana. Chuma zangu mbili.

Kilikuwa na mtu.

Shangazi Monika ndiye mkubwa wa ukoo ule. Akitamka, wazee wote wanafunga mdomo. Magoti yalishamkatalia, mwaka mzima alikuwa anakokotwa na mkeka kutoka ndani kwenda juani. Leo alikuwa amekaa wima, kitambaa safi kichwani, mikono juu ya magurudumu. Anajisogeza mbele kidogo, anarudi nyuma, anacheka. Sijawahi kumwona mzee amefurahi vile.

"Njooni, njooni!" Damiano akaita. "Njooni mwone zawadi niliyomletea shangazi!"

Ezekia akazima gari. Nikashuka, nikafungua mlango wa Hilaria, nikanyoosha mikono.

"Usinibebe," akasema.

"Sasa utafanyaje?"

"Tandika kitenge."

Nikatandika. Akajishusha mwenyewe, akishikilia mlango, mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kujivuta kwa mikono. Kutoka kwenye gari hadi pale kivulini ni hatua ishirini za mtu mzima. Yeye alizivuta zote kwa viganja, vumbi linapanda mpaka kifuani. Wanawake wakaanza kulia. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Damiano akasema, kwa sauti ya kusikitika kabisa, "Mnaona wenyewe, wazee. Dada yangu nampenda. Lakini huyu ndiye wa kulima majaruba?"

Hilaria akafika miguuni pa shangazi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Macho ya bibi yule yalijaa machozi. "Kwa nini unakuja chini hivyo? Wenzio wa hospitali hawakukupa kiti?"

"Walinipa. Ndicho hicho ulichokalia."

Shangazi akayaachia magurudumu ghafla kana kwamba yamemuunguza.

Damiano akacheka. "Dada, cha kwako kilibaki Dar. Wote waliopanda ndege ile wanajua, walikiona kimeachwa. Hiki nilimwagiza shemeji aniundie huko kwa ajili ya shangazi. Wazee, njooni msome!"

Akakigeuza kiti, shangazi akiwa juu yake. Kitenge cha njano hakikuwepo tena. Maandishi yangu yakatazama watu wote: DAMIANO, MAMBA, na namba ya simu.

Mzee Aloyce, anayeandika mambo ya kikao, akavaa miwani akasoma kwa sauti. Kisha akaguna.

"Huu mwandiko naujua. D hii yenye mkia. Baiskeli yangu ina D hii hii kwenye madigadi."

"Na yangu," akasema mwingine.

Kila baiskeli niliyowahi kuitengeneza huku kwetu Mpimbwe nzima nimeiandika jina la mwenyewe, ili zisichanganyikane. Arobaini wakageuza shingo kunitazama, pale nyuma nilipokuwa nimesimama karibu na ukuta.

Kwa ukoo wa mke wangu, mkwe haongei kwenye kikao. Anasimama ukutani, anasikia, ananyamaza. Akifungua mdomo bila ruhusa kikao kinavunjwa, hakikai tena mpaka baada ya mavuno. Na mpaka baada ya mavuno, Damiano angekuwa ameshalima, ameshavuna, ameshazoea.

Shangazi Monika akakigeuza kiti polepole mpaka akaniona.

"Mkwe."

"Mama."

"Leo nakufungua mdomo. Lakini kwa jibu moja tu, hadithi sitaki. Jina hili uliliandika wewe?"

Nilitazama huku na huku. Nikisema hapana, mwandiko wangu upo pale unanicheka. Nikisema ndiyo, kiti ni cha Damiano, na Hilaria atabaki mavumbini mbele ya ukoo wake wote. Na hadithi hawataki. Habari za basi, za kondakta, za mpokea mzigo, nani atanipa nafasi ya kuzieleza?

Nikavua kofia.

"Ndiyo, mama. Niliandika mimi."

Damiano akapiga makofi. Mama mmoja akasonya. Shangazi akainamisha kichwa, na nikaona furaha yote ile ya asubuhi imemtoka. Hakuwa na furaha ya kukaa tena, wala hakuweza kushuka.

Hilaria hakunitazama mara moja. Alifuta viganja vyake kwenye sketi, kimoja kimoja. Vilikuwa vinatoka damu.

"Shangazi," akasema, "naomba na mimi nimuulize mume wangu swali moja mbele yenu. Na yeye umruhusu kunijibu."

"Uliza, mwanangu. Ajibu."

Ndipo akanigeukia. Uso ule sikuuona siku tuliyofunga ndoa, wala siku walipomtoa chini ya pawatila.

"Gervas. Damiano alijuaje nasafiri Jumatano?"

Swali hilo alikuwa ameniuliza mara mbili, na mara mbili nilimdanganya. Safari hii ukoo mzima ulikuwa unasubiri, na Damiano, kwa mara ya kwanza tangu tufike, aliacha kucheka.